Fundi Anajibu: Bampa Jeusi Lililogeuka Kijivu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja: zile plastiki nyeusi za nje ya gari ambazo kiwandani hazikupakwa rangi. Bampa, kingo za juu ya matairi, keria, plastiki iliyo chini ya waipa, vifuniko vya vioo vya pembeni. Bodi bado inang'aa, lakini hizi zimepauka na gari zima linaonekana limechoka. Nimesafisha na kung'arisha magari kwa miaka 19, na hii ndiyo kazi inayoniuma zaidi nikiikuta imeharibiwa, maana nyingi ya plastiki zinazoletwa kwangu hazikuharibiwa na jua peke yake. Zimeharibiwa na vitu zilivyopakwa. Nimechagua barua sita. Nyingine zimefanana nazo.

Swali: Shikamoo Fundi. Bampa la gari langu lilikuwa jeusi, sasa ni kijivu, na upande wa juu ndio umezidi, una madoa kama chokaa. Jirani aliniambia nipake mafuta ya kupikia. Siku ile lilipendeza mno. Siku ya tatu vumbi lote la njiani lilikuwa limeganda pale, na mvua iliponyesha mafuta yakachuruzika hadi kwenye rangi nyeupe ya bodi. Je, bampa limekufa, ninunue jingine?

Jibu: Marahaba. Usinunue bado. Osha sehemu ndogo ya bampa, upana wa kiganja, iache ikauke, kisha chovya kidole kwenye maji na uchore mstari juu yake. Mstari utakuwa mweusi, mweusi kama siku gari lilipotoka kiwandani. Halafu simama uutazame. Maji yakianza kukauka utauona weusi unanywea kutoka kingoni kuelekea katikati, mpaka kijivu kinarudi chote. Mstari huo ndio jibu la swali lako. Weusi bado umo ndani. Kilichoharibika ni ngozi ya juu tu.

Bampa la aina hiyo kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili lisipasuke likigongwa, pamoja na unga wa talki wa kulipa ugumu. Ukiinama na kuchungulia upande wake wa ndani unaweza kukuta herufi zilizochongwa, kwa mfano PP+EPDM-TD20. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira, TD20 ni talki asilimia 20. Weusi unatokana na kaboni, masizi laini mno yanayochanganywa na plastiki kabla haijaingizwa kwenye kalibu, kwa hiyo umeenea kote hadi upande wa pili. Jua likipiga mwaka baada ya mwaka, mionzi ya urujuanimno ikisaidiana na oksijeni ya hewani hukatakata minyororo mirefu ya molekuli inayoshikilia plastiki. Ngozi ya juu inakakamaa, inapata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na inatoa ule unga unaouita chokaa. Upande wa juu umezidi kwa sababu ndio unaolitazama jua moja kwa moja.

Mwanga ukiangukia nyufa hizo hutawanyika ovyo, na jicho linaona kijivu. Maji yakizijaza, mwanga unapita na kuufikia weusi. Udongo mkavu nao hukoza rangi hivyo hivyo ukinyeshewa. Kwa hiyo kazi yote ni kuzijaza nyufa kwa kitu ambacho hakitakauka na kuondoka kama maji, wala kuchuruzika kama mafuta ya kupikia. Mafuta yale yalizijaza kweli, ndiyo maana ulifurahi siku ya kwanza. Lakini yanakaa mabichi muda mrefu, yanakamata vumbi, yanaanza kunata na kunuka, na joto likipanda yanatiririka. Na wale wanaopaka oili chafu ya injini, nawaomba waache leo. Oili iliyokwisha kutumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ikigusana na ngozi mara kwa mara, na anayeipaka huwa anaipaka kwa mikono mitupu.

Sasa kazi yenyewe. Siku nzima ya kwanza iwe ya kusafisha. Usifungue hata chupa ya dawa ya kupaka. Lipeleke gari kivulini, plastiki ikiwa ya baridi unapoigusa. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo inayokata mafuta, na brashi yenye nywele laini, hata brashi ya viatu isiyowahi kutumika inafaa. Plastiki hiyo ina vinyweleo vilivyochorwa makusudi ili ifanane na ngozi, na uchafu unakaa chini ya vinyweleo, si juu. Kitambaa kinapita juu juu tu. Sugua kwa mduara, kipande cha urefu wa mkono kwa wakati mmoja. Kwa bampa lako lenye mafuta ya kupikia, povu la kwanza litatoka la kahawia na zito kama uji. Suuza, rudia. La pili litakuwa la kijivu, hiyo ni plastiki iliyooza inatoka. Endelea mpaka povu libaki jeupe. Bampa moja lililoletwa kwangu likiwa na tabaka za mafuta ya miaka lilinichukua mizunguko saba, na mzunguko wa saba ndio ulioniachia povu safi.

Likikauka, lipanguse kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kitambaa kikitoka na rangi ya manjano, mafuta bado yapo. Kisha nyunyizia maji: yakijikusanya matone na kuteleza kama juu ya jani la mgimbi, rudi kwenye sabuni. Yakitandaa na plastiki ikawa nyeusi sawasawa, umefika. Liache likauke kabisa kwa saa kadhaa, maana maji hujificha kwenye viungio yakaja kutoka wakati umeshapaka.

Kabla ya kupaka, bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ya bodi inayopakana. Dawa iwekwe kwenye sponji, matone machache, isimwagwe kwenye bampa. Paka tabaka jembamba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha futa yote iliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Watu hawapendi kufuta, wanaona kama wanaitupa dawa. Lakini ile inayobaki juu ndiyo inayonata na kuchuruzika; inayofanya kazi imeshaingia kwenye nyufa.

Swali: Fundi, habari za kazi. Dukani nimekuta chupa za kila namna, zote zimeandikwa kwamba zinarudisha weusi. Nichague ipi?

Jibu: Nzuri. Usisome picha ya mbele, geuza chupa usome nyuma. Utakuta moja ya aina tatu.

Ya kwanza ni mafuta ya silikoni, mara nyingi kimiminika cheupe kama maziwa au kizito kinachoteleza. Inapendeza haraka, inapakwa na mtu yeyote, na inaondoka kidogo kidogo kila unapoosha gari. Kwa plastiki mpya ambayo haijapauka inatosha. Kwa iliyopauka utakuwa unapaka kila baada ya wiki chache. Kama una nia ya kupaka bampa rangi siku za usoni, iogope kabisa: silikoni ikibaki hata kidogo, rangi itakapopulizwa itakimbia na kuacha vijishimo vya duara. Na popote usiipeleke kwenye pedali, usukani, sehemu ya tairi inayogusa barabara au kiti cha pikipiki. Inateleza, na mtu anaweza kufa.

Ya pili ina rangi nyeusi ndani yake. Hii inaingia kwenye nyufa na kubaki, ndiyo ninayopendelea kwa plastiki iliyochoka sana, ile inayokuachia unga mweupe kidoleni. Ila inashika kila inachogusa, pamoja na kucha zako na sakafu. Vaa glavu.

Ya tatu ni koti la seramiki, hupakwa tone kwa tone na kukauka likawa gumu. Likipakwa juu ya plastiki iliyosafishwa vizuri hudumu miezi mingi, hata kuzidi mwaka, kutegemea jua na uoshaji. Lakini halisamehe. Ukipaka ovyo, mistari ya sponji inakauka ikiwa pale pale, na kuiondoa ni kusugua tena. Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na aina ya pili.

Swali: Nilipaka gari waksi, sasa kingo nyeusi za milango zina michirizi myeupe. Nimeosha mara tatu haitoki.

Jibu: Huko si kupauka, ni waksi iliyokauka ndani ya vinyweleo. Sabuni peke yake haiyeyushi waksi. Tumia spiriti na mswaki laini, au kitambaa kilichochovywa maji moto na kukamuliwa, ukishikilie hapo waksi ilainike, kisha sugua. Kwa mchirizi mwembamba, kifutio cha penseli kinaukamata vizuri ajabu. Safari nyingine bandika tepu kwanza.

Swali: Fundi, nimeona mtu anapuliza hewa ya moto kwenye bampa kwa ile mashine ya kubandulia rangi, na papo hapo kijivu kinageuka cheusi bila kupaka chochote. Ni kweli au ni ujanja? Nina mashine hiyo nyumbani.

Jibu: Ni kweli, na ndiyo maana inatisha. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi. Mashine hizo hutoa hewa ya nyuzi 300 mpaka 600. Inapopita, ngozi ya juu inalainika kwa nukta moja, nyufa zinafunga, na weusi unatokea mbele ya macho yako. Mimi mwenyewe niliposhuhudia mara ya kwanza nilidhani nimepata dawa ya maisha.

Mwaka wangu wa nne kazini niliitumia kwenye bampa la mteja. Nilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye kona karibu na taa ya ukungu, plastiki ikiwa imepinda kuingia ndani. Kwenye kona joto halitawanyiki kama kwenye uwanda. Nilisita pale kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, si zaidi. Vinyweleo vilizama. Kilibaki kiduara laini kinachong'aa kama kioo, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, katikati ya bampa lenye vinyweleo kote. Hakuna dawa inayorudisha vinyweleo. Nililinunua bampa jingine kwa pesa yangu na nikamweleza mteja nilichofanya.

Hata ukifaulu, kuna jambo ambalo picha hazionyeshi. Kiwandani plastiki huchanganywa na dawa za kuikinga na jua, na kwenye ngozi ile ya juu zimekwisha. Moto hauzirudishi. Umeziba nyufa, lakini ngozi ni ile ile isiyo na kinga, na itapauka tena. Huwezi kuichoma kila mwaka. Kila safari inazidi kukakamaa na kujipinda. Kama gari lina vihisio vya kuegesha ndani ya bampa, au rangi imepakana na plastiki, au plastiki yenyewe ni nyembamba kama ile ya chini ya waipa, usiguse kabisa. Na ukishapaka mafuta au silikoni, kuipuliza moto ni kuzifukiza hewani uzivute wewe.

Mimi siitumii tena. Ukishikilia kujaribu, anza na kipande kilichotupwa, sogeza mkono bila kusimama, na ukishamaliza paka koti la kukinga jua siku hiyo hiyo.

Swali: Fundi, mimi ni mzee mwenzako. Nilichoshwa na kupaka dawa kila mara, nikanunua rangi nyeusi ya kupuliza na kupaka kingo zote za matairi. Baada ya miezi miwili inabanduka vipande vizima, kama nyoka anayejivua gamba. Rangi ilikuwa mbovu?

Jibu: Rangi yako inawezekana ilikuwa nzuri tu, mzee mwenzangu. Polipropilini ndiyo isiyotaka kushikwa. Ni plastiki yenye asili ya kukataa gundi na rangi, kiasi kwamba viwandani mabampa yanayopakwa rangi mara nyingi hupitishwa motoni kidogo au kupakwa dawa maalumu ili yakubali. Rangi ya kawaida inakaa juu yake kama karatasi iliyotandikwa mezani. Upepo, mtikisiko na jua vikianza kazi, inanyanyuka.

Bandua yote iliyolegea, osha kama nilivyomweleza wa kwanza, kwaruza kwa msasa laini wa namba 600 hivi mpaka mng'ao upotee, panguza kwa spiriti. Halafu, na hapa ndipo uliporuka, puliza praima ya kushikiza plastiki. Iwe ile iliyoandikwa wazi kwamba ni ya plastiki, maana praima ya chuma haitakusaidia. Tabaka moja jembamba, karibu haionekani. Juu yake puliza rangi maalumu ya bampa, isiyong'aa, katika tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene. Itadumu. Ila fahamu kwamba ukishapaka rangi umeingia njia nyingine: likikwaruzwa na jiwe utalirudia kwa rangi, zile dawa za kuingia kwenye nyufa hazitakuwa na pa kuingia.

Swali: Shikamoo Fundi. Bibi yangu hupaka fanicha zake mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Nilijaribu kwenye keria ya gari na imekuwa nyeusi vizuri, mwezi wa tatu huu haijapauka. Kwa nini mafundi hamtuambii? Nataka kupaka plastiki zote.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nakuambia sasa, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujachukua kitambaa.

Mafuta ya kitani ni tofauti na ya kupikia uliyosoma hapo juu. Yanakamata oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, ndiyo maana mafundi seremala wameyatumia tangu zamani. Kwenye plastiki iliyopauka yanaingia kwenye nyufa, yanakauka humo humo, na hayachuruziki. Paka kidogo sana, acha dakika kumi na tano, futa yote iliyo juu, liache gari kivulini mpaka kesho yake bila vumbi. Ukiacha nene yatabaki yananata na kuota ngozi iliyokunjamana. Baada ya muda yanaweza kuelekea umanjano, ambao kwenye nyeusi hauonekani sana.

Hatari iko kwenye kitambaa. Mafuta hayo yanapokamata oksijeni yanatoa joto. Kwenye keria joto hilo linapotea hewani, hulihisi. Kwenye kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye pipa halina pa kutokea, linapanda, na joto likipanda mafuta yanakauka haraka zaidi na kutoa joto zaidi, mpaka kitambaa kinawaka chenyewe. Hakihitaji kiberiti wala cheche. Magereji na nyumba zimeungua hivi.

Mimi niliwahi kuviacha vitambaa vitatu ndani ya ndoo ya plastiki jioni, nikitaka kuvifua asubuhi. Nilirudi kuchukua funguo niliyoisahau. Kulikuwa na harufu kama ya karanga zilizoungua. Nilipoingiza mkono kwenye ndoo, kitambaa cha juu kilikuwa cha kawaida, cha chini yake kilikuwa cha moto kama chuma cha pasi, na katikati ya mkunjo kulikuwa na doa la kahawia lililoanza kuwa jeusi. Ukutani, hatua mbili kutoka pale, nilikuwa nimepanga makopo ya thina.

Kwa hiyo paka plastiki zako, mwanangu, sikukatazi. Lakini ukimaliza, kabla hata ya kunawa, kitandaze kila kitambaa na kila sponji uliyotumia nje, kimoja kimoja, kisipandane na kingine, kwenye sakafu ya saruji au kwenye uzio wa chuma, mbali na jua kali na mbali na ukuta wa mbao. Kisiachwe ndani ya gari hata kwa nusu saa. Kama huna nafasi nje, kizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji, ufunge mfuniko. Ukikitandaza, kitupe baada ya kukauka kabisa na kuwa kikavu na kigumu kama ganda, jambo linaloweza kuchukua siku mbili au tatu. Na mwambie bibi naye, kwa heshima, akuonyeshe anapoweka vyake.